Kitambaa Hiki Kimetoka Wapi?

Vidole vyangu vilikuwa bado havijaligusa pazia mlinzi aliponisemesha. Hakufoka. Aliinua kiganja tu, akasema kwa Kifaransa cha taratibu, "Mama, kwa macho tu." Nikaurudisha mkono, nikaomba radhi, lakini macho sikuyarudisha. Pazia lile lilikuwa refu kuliko nyumba yangu ya Buyenzi tangu sakafuni hadi kwenye bati. Lilitiwa bitana nzito, marinda yamepangwa kwa kipimo kisichokosea, na upindo wa chini ulishonwa kwa mkono. Upindo wa mkono naujua ninapouona. Nyuzi za cherehani hulala kama mstari wa rula. Za mkono huwa na pumzi.

Hapo nilikuwa ndani ya kasri la mfalme wa Ubelgiji, katikati ya Brussels, Agosti 2019.

Mimi ni fundi cherehani. Nilizaliwa 1962, mwaka wa uhuru wetu, katika mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, na mapazia nimeyashona kwa zaidi ya miaka 30. Nilikuwa na kibanda changu katika soko kuu la mjini mpaka asubuhi ya tarehe 27 Januari 2013, soko lilipoungua lote. Cherehani zangu mbili zilikwenda na moto, pamoja na vitambaa vya watu walionilipa nusu. Tangu siku hiyo nashonea nyumbani, barazani, na mteja akileta kitambaa huwa namuuliza kwanza: kimetoka wapi? Siulizi kwa umbea. Kitambaa kina kwao. Ukijua kwao utajua kama kitarudi kikifuliwa, kama kitastahimili pasi, kama rangi yake itavuja. Swali hilo nilikwenda nalo Ulaya bila kukusudia, na ndani ya kasri lilinisaidia kuona kuliko kitabu chochote cha mwongozo.

Safari yenyewe ilikuwa ya kumtembelea mtoto wa kaka yangu, anayeishi Ixelles, jirani na mtaa wanaouita Matongé. Jina hilo wamelichukua kwa Matonge ya Kinshasa. Ukishuka pale ukiwa na mfuko wa ndagala kavu kutoka ziwani kwetu, kama mimi, utajiona mjinga, maana ndagala wapo, na bamia, na majani ya mihogo yaliyotwangwa, na wanawake wanaosuka nywele huku wakigombana kwa Kilingala na Kiswahili cha Bukavu. Usiku wa kwanza kijana akaniuliza, "Shangazi, kesho nikupeleke wapi?" Nikamwambia nipeleke nyumbani kwa Bwana Kitoko.

Akacheka, hakulijua jina. Nikamweleza. Mwaka 1955 Mfalme Baudouin wa Ubelgiji, kijana wa miaka 24 ambaye hajaoa, alizuru Kongo na Ruanda-Urundi. Watu wakamwita Bwana Kitoko, kwa kuwa kitoko kwa Kilingala ni uzuri, na filamu ya safari hiyo ilipewa jina hilohilo. Mama yangu, wakati huo msichana wa miaka 11, alisimama pembezoni mwa barabara ya Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa, akiwa na bendera ya karatasi mkononi. Hadi anakufa alikuwa akisimulia sare nyeupe ya yule kijana. "Nyeupe, mwanangu, na vumbi lote lile!" Mama naye alikuwa mshonaji.

Kutoka Matongé hadi kasrini ni mwendo wa robo saa kwa miguu, na mtu anayetaka kuelewa anachokwenda kukiona asipande basi. Mwisho wa Matongé, penye Porte de Namur, kuna kiwanja kidogo chenye jina la Patrice Lumumba. Kilizinduliwa tarehe 30 Juni 2018, miaka 58 kamili baada ya uhuru wa Kongo. Ni kidogo kweli, unaweza kukipita ukidhani ni njia tu. Ukivuka barabara kuu unafika Place du Trône, yaani kiwanja cha kiti cha enzi, na pale juu ya farasi ameketi Leopold wa Pili, ndevu zake kifuani, amelipa mgongo kasri lake.

Nikauliza swali langu: shaba hii imetoka wapi? Kumbe jibu limechongwa kwenye sanamu yenyewe. Maandishi yake yanaeleza kwamba shaba na bati vilitoka Kongo ya Ubelgiji, na kwamba vilitolewa bila malipo na Union Minière du Haut-Katanga. Sanamu hiyo iliwekwa 1926. Nilisimama hapo muda mrefu. Kijana alikuwa ameipita njia hiyo kila siku kwa miaka sita akienda kazini, na maandishi hayo hakuwahi kuyasoma. Bila malipo! Kampuni haikudai, sawa. Lakini aliyeuchimba mwamba kule Katanga, yeye nani alimuuliza?

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya vijana, kwa sababu nimesikia wengi mjini kwetu wakimtaja Leopold wa Pili kama aliyeitawala Burundi. Hakuitawala. Yeye aliishika Kongo kama mali yake binafsi kuanzia 1885 hadi 1908, akafariki 1909. Wakati huo sisi tulikuwa upande wa Wajerumani, ambao Mwami Mwezi Gisabo alisaini nao mkataba wa Kiganda mwaka 1903 baada ya kupigana nao kwa miaka. Wabelgiji walituingilia 1916, vita vya kwanza vya dunia vikiendelea. Kwa hiyo wafalme wa Ubelgiji waliotutawala ni Albert wa Kwanza, Leopold wa Tatu na huyo Baudouin wa mama yangu. Lakini nyumba ni ileile, na aliyeipa sura tunayoiona leo ni Leopold wa Pili.

Kasri ukilitazama kutoka mbele ni refu mno, la mawe ya kijivu. Limeelekea bustani, na ng'ambo ya bustani, likitazamana nalo uso kwa uso, lipo bunge. Kijana alinionyesha hilo, nikalipenda: mfalme akichungulia dirishani anawaona wawakilishi wa watu, nao wanamwona. Bendera ilikuwa inapepea juu ya paa, maana yake mfalme yumo nchini. Haina maana kwamba yumo ndani. Mfalme na familia yake hulala Laeken, nje kidogo ya katikati ya jiji. Hapa ni ofisi na kumbi za wageni wa heshima. Palipo na kasri palikuwa na jengo la zamani zaidi, kasri la Coudenberg, lililoteketea kwa moto mwaka 1731. Niliposikia habari ya moto nilikaa kimya. Mtu aliyeunguliwa na soko hasikii habari za moto kama hadithi. Uso wa jengo la sasa ulianza kujengwa 1904, kwa ramani ya Henri Maquet. Linganisheni tarehe hizo: 1904 imo katika miaka ileile wanakijiji wa Kongo walipokuwa wakilazimishwa kukinga mpira msituni, na faida ya mpira huo ikijenga majengo mengi makubwa ya Ubelgiji.

Watu wa kawaida huruhusiwa kuingia wakati wa kiangazi tu, baada ya sikukuu ya taifa lao ya tarehe 21 Julai hadi mwishoni mwa Agosti au hapo karibu. Desturi hiyo ilianza 1965. Mwaka ule wangu kuingia kulikuwa bure, foleni ikasogea upesi, mikoba ikapekuliwa kama uwanja wa ndege, kisha ukafuata kamba nyekundu kutoka chumba hadi chumba bila kurudi nyuma. Anayetaka kwenda siku hizi aangalie kwanza tarehe na utaratibu wa tiketi wa mwaka huo. Avae viatu vya kutembelea. Na asiwe na haraka, maana wengi niliowaona walipita huku simu zimeinuliwa, wakatoka baada ya dakika 20 na picha 200.

Unaanza kwa ngazi. Ngazi pana ya marumaru nyeupe, yenye mawe ya kijani pembeni, iliyobuniwa na Alphonse Balat, fundi mkubwa wa Leopold wa Pili. Mguu unapanda bila kuchoka kwa sababu kila kidato ni kifupi. Nadhani ilifanywa hivyo kwa ajili ya magauni. Mwanamke mwenye gauni lenye mkia, kwenye ngazi ya kawaida ya nyumba zetu za ghorofa, angeanguka. Aliyechora ngazi hii alimfikiria mtu aliyevaa.

Vyumba vingine nitavipita haraka, dhahabu juu ya dhahabu, na picha za wafalme. Lakini kwenye sebule nyeupe waliniambia viti vyake ni zawadi ya harusi: Leopold wa Kwanza alipomwoa Louise-Marie mwaka 1832, baba yake binti, Louis-Philippe mfalme wa Ufaransa, ndiye aliyetoa samani. Hilo nililielewa mara moja. Hata kwetu bibi arusi haendi mikono mitupu. Kitanda, sufuria, mikeka, vyote vinabebwa mchana watu waone. Viti vya Louise-Marie bado vipo, na yeye alikufa 1850.

Kwenye chumba kingine kuta zimefunikwa kwa vitambaa vya kufuma vyenye picha za watu wa Hispania, vilivyofumwa kufuata michoro ya Goya. Ni zawadi kutoka kwa malkia wa Hispania. Nilikaribia kadiri kamba ilivyoniruhusu. Hakuna brashi wala wino pale. Kila kivuli shavuni mwa mtu ni uzi wa rangi nyingine uliopitishwa kwa mkono, ukakatwa, ukafuatwa na mwingine. Jina la mchoraji limeandikwa. La mfumaji sikuliona. Kijana aliniharakisha, "Shangazi, foleni," nikamwambia foleni ipite.

Chumba kimoja, kinachoitwa cha Empire, kilinifurahisha kuliko nilivyotarajia. Kuna vyungu 11 vya rangi ya dhahabu, kazi ya msanii Patrick Corillon ya mwaka 2004, na ndani yake mna udongo wa kila mkoa wa Ubelgiji pamoja na wa Brussels. Kati ya marumaru na vioo vyote vile, mtu ameweka udongo! Sote tuliopita tuliinama kuutazama. Mkulima wa kwetu Ngozi angeutazama na kujua mara moja kama unafaa viazi.

Kisha nikafika kwenye ukumbi wa vioo.

Nilikuwa nimeambiwa nitazame juu, na bado sikuwa tayari. Dari lote ni la kijani, kijani kinachogeuka bluu ukisogea hatua moja, kinachogeuka dhahabu ukisogea mbili, kama hariri ya rangi mbili inavyofanya jua likiipiga. Nikadhani ni zari, halafu nikadhani ni vioo vidogo. Ni mbawakawa. Ni yale magamba magumu yanayofunika mabawa ya mbawakawa wa kijani, karibu 1,400,000, yaliyobandikwa moja moja, hata kwenye taa mojawapo kubwa inayoning'inia. Msanii ni Jan Fabre wa Antwerp, aliyeombwa na Malkia Paola, na kazi ilimalizika 2002 kwa mikono ya vijana kadhaa waliokaa miezi juu ya majukwaa, vichwa vimeelekea dari. Magamba yalitoka Thailand, ambako wadudu hao huliwa. Vitabu huandika jina la Fabre, na ni haki yake, lakini mimi niliwawaza wale vijana na shingo zao. Mshonaji anajua shingo inavyouma.

Mlinzi, mwanamke mmoja wa makamo, aliona nimekwama pale, akaja kunieleza. Ukumbi huu, akasema, Leopold wa Pili aliutaka uwe wa heshima kwa Kongo. Alikufa kabla haujakamilika, na Albert wa Kwanza, aliyemfuata, ndiye aliyetia vioo kwenye kuta. Nikageuka nikatazama. Nilikuwa nimeambiwa nimo katika chumba cha Kongo, na nilichokiona ukutani ni mimi mwenyewe. Mwanamke wa Buyenzi, kitenge cha njano, kilemba, mkoba mweusi. Nyuma yangu kijana wa kaka yangu, mrefu, kimya. Na nyuma yetu watalii wengine, na nyuma yao sisi tena, wadogo zaidi.

Sikulia. Nilimuuliza yule mama mlinzi kama wageni kutoka Afrika huja wengi. Akasema huja, hasa wanaoishi mjini humu, na kwamba wengi hukaa kwenye chumba hiki kuliko kwenye chumba cha kiti cha enzi. Nikamshukuru. Aliniita "mama" mwanzo hadi mwisho, na hakunifanya nijione mgeni wa bahati mbaya.

Kiti cha enzi chenyewe nitakisema kwa kifupi. Ukumbi wake ni mkubwa sana, sakafu ya mbao za rangi mbalimbali zilizounganishwa kama tandiko la viraka lililoshonwa na mtu mwenye subira, na taa zimewashwa mchana. Lakini Wabelgiji hawamvishi mfalme wao taji. Mfalme mpya huenda bungeni, ng'ambo ya bustani, akala kiapo mbele ya wawakilishi, basi, ni mfalme. Nilipoambiwa hivyo nikakumbuka kwamba nasi hatukuwa na taji. Ufalme wa Burundi ulikuwa ngoma. Kwa Kirundi ingoma ni ngoma na ni utawala, neno moja. Ngoma kuu, Karyenda, ilikaa mahali pake ikitunzwa na mwanamke aliyeitwa Mukakaryenda, haikutolewa ovyo, na 1962 tulipopata uhuru tuliichora katikati ya bendera yetu pamoja na mtama. Miaka minne baadaye ikafutwa.

Siku ya pili tulipanda tramu namba 44 hadi Tervuren. Huko Leopold wa Pili alifanya maonyesho ya makoloni mwaka 1897, akaleta Wakongo 267 waonyeshwe kwa watazamaji ndani ya vijiji vya bandia, pembeni ya bwawa. Saba walikufa. Wamelala kando ya kanisa la mji huo, mawe saba yamepangwa mstari, majina yamechongwa: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange. Jumba kubwa la makumbusho lililopo sasa lilifunguliwa 1910, na lilipofungwa kwa matengenezo ya miaka mitano likafunguliwa tena Desemba 2018. Liko kama kasri, nalo lina mengi ya kwetu. Lakini mimi ningemwambia mtu yeyote aanze kanisani. Nilisoma Fatiha pale, mbele ya makaburi ya watu nisiojua dini yao, nikaona si vibaya.

Nilirudi Bujumbura na picha chache na daftari lenye michoro ya marinda. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Juni 2020, redio ikatangaza kwamba Mfalme Philippe amemwandikia rais wa Kongo barua ya kueleza majuto makubwa kwa mateso na fedheha za zamani. Siku hizohizo sanamu ya farasi ilikuwa imemwagiwa rangi nyekundu, kijana alinitumia picha. Bunge lao nalo liliunda tume ya kuchunguza enzi za ukoloni Kongo, Rwanda na Burundi. Ilivunjika Desemba 2022 bila kukubaliana juu ya kuomba radhi. Nilifuatilia yote kwa sikio la mtu aliyewahi kuingia nyumba hiyo, na kwa kweli yalinichoma. Wangeomba radhi.

Ila kulikuwa na jambo lililoniuma kwa karibu zaidi. Wajukuu wangu walipoziona picha za Brussels, mdogo aliuliza, "Bibi, na mfalme wetu, nyumba yake iko wapi?" Nilikuwa na miaka karibu 60. Nilijua habari za ibwami, yaani nyumba ya mfalme, kama kila Mrundi: kwamba Mwambutsa wa Nne alitawazwa 1915 akiwa mtoto wa miaka mitatu hivi, kwamba mwanawe Louis Rwagasore, aliyesoma Antwerp kisha akarudi kutuongoza, aliyependwa Buyenzi kama mtoto wa mtaa, alipigwa risasi hapa mjini tarehe 13 Oktoba 1961, kwamba mwana mwingine, Ndizeye, alimwondoa baba yake Julai 1966 akajiita Ntare wa Tano, naye akaondolewa na mwanajeshi Micombero Novemba mwaka huohuo, akauawa Gitega 1972, kwamba mzee Mwambutsa alifia Uswisi 1977 na hadi leo amelala Meyrin, karibu na Geneva, kwa sababu wosia wake ulikataza arudishwe. Hayo yote niliyajua. Miguu yangu haikuwahi kufika.

Basi 2023, mafuta ya gari yakiwa shida kupatikana na nauli imepanda, niliwabeba wajukuu wawili hadi Gitega. Ni kama kilomita 100, unapanda milima hadi Bugarama, baridi inaingia dirishani, unapita Muramvya walikokaa wafalme. Gitega kuna Makumbusho ya Taifa, yaliyoanzishwa 1955, mwaka uleule wa Bwana Kitoko; ni jengo dogo, lenye vyombo vya ibwami na picha za zamani, na linahitaji kutunzwa zaidi ya lilivyo. Kilomita saba kaskazini yake ni Gishora.

Gishora ni kilima. Mwezi Gisabo aliweka makao hapo baada ya kumshinda mwasi Ntibirangwa. Hakuna ngazi. Kuna ua wa miti, na nyumba ya mviringo ya nyasi, mlango wake mfupi kiasi kwamba kila anayeingia huinama, awe nani. Ndani ni giza na harufu ya moshi, sehemu ya moto, sehemu ya maziwa, kitanda cha mfalme kilichotandikwa nyasi. Katika nyumba nyingine mnakaa ngoma mbili zisizopigwa tena, Ruciteme na Murimirwa.

Nikamuuliza mzee aliyetuongoza swali langu. Mbao hizi zimetoka wapi? Akanyoosha mkono akaonyesha mti. Umuvugangoma, mti unaoizungumzisha ngoma. Na ngozi? Ya ng'ombe. Na nyasi za paa? Akaonyesha bonde. Kila nililouliza alinijibu kwa kidole, na wajukuu wangu waligeuza vichwa kufuata kidole hicho.

Kisha wapigaji wakaja kutoka nyuma ya ua, ngoma vichwani, wakiimba. Inkiranya, ngoma ya kati, inaongoza; amashakwe hazikomi; ibishikizo zinaifuata inkiranya. UNESCO iliziandika 2014 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Wanawake hatuzipigi, na amri ya rais ya 2017 imelikataza kabisa, jambo ambalo mimi, nikimkumbuka Mukakaryenda, silikubali moyoni. Wajukuu walisimama wameziba masikio, wakacheka, wakazibua.

Walipomaliza nilimsogelea kijana mmoja aliyekuwa akitweta. Walivaa vitambaa vya rangi nyekundu, kijani na nyeupe, na kwenye bega lake upindo ulikuwa umefumuka kiasi cha shubiri nzima.

"Kitambaa hiki kimetoka wapi?" nikamuuliza.

"Bujumbura, mama. Sokoni."

"Nani kakishona?"

Hakujua. Nikamwambia asimame hivyohivyo asijitikise, nikafungua mkoba, nikatoa sindano na uzi mwekundu.